Wanaoamini Mapema: Uainishaji wa Wahamishaji Picha wa Msimu wa Harusi

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, bingwa wa Uswidi wa kupanga viumbe, alitoa toleo la 10 la Systema Naturae na kuwapa wanyama wote aliowajua majina ya sehemu mbili mbili. Kiumbe mmoja alimponyoka, wala si kosa lake, maana alikuwa hajazaliwa: mtu anayetoa picha kwenye kamera na kuzitia kwenye kompyuta. Makala haya yanaziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni Dar es Salaam na vitongoji vyake. Msimu ni ule wa harusi. Sampuli haikuchaguliwa kwa bahati nasibu; ilichaguliwa kwa kadi za mwaliko, na kadi hizo, kama ijulikanavyo, hutolewa kwa waliomaliza michango.

Wataalamu waliotutangulia, wengi wao wauza kamera, wamewagawa wahamishaji kwa vifaa: huyu wa Canon, yule wa Nikon, huyu wa waya, yule wa kadi rida. Mgawanyo huo unauza bidhaa lakini hauelezi lolote. Mwenye vifaa ghali hupoteza picha sawasawa na mwenye vifaa vya kuazima, isipokuwa yeye huzipoteza kwa kasi zaidi. Kigezo chetu ni kimoja na kinatosha: ni lini hasa mtu huyu huamini kwamba picha imefika? Kati ya kubonyeza kitufe ukumbini na kukabidhi albamu pana vituo vingi vya kuamini, na kila kundi limejichagulia chake. Kufika, kwa mujibu wa makala haya, ni picha kufunguka ikiwa nzima mahali pa pili huku ile ya kwanza ingali ipo. Fasili hii ni kali. Inawaengua karibu wote.

Historia ya tatizo ni fupi. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya kwanza ya kidijitali iliyoweza kubebwa mkononi. Ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na ili picha hiyo ionekane ilibidi kaseti itolewe na kutiwa kwenye mashine nyingine iliyounganishwa na televisheni. Yaani kamera na shida ya kutoa picha ndani yake ni mapacha. Kadi za SD zilitangazwa mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla, Wajapani walikuwa wamekubaliana jinsi kamera zitakavyopanga na kuyaita mafaili yake, ndiyo maana kadi ya kampuni yoyote ukiifungua unakutana na folda iitwayo DCIM. Makubaliano hayo tutayarudia, maana yanahusika moja kwa moja na machozi ya maharusi kadhaa.

Kundi la chini kabisa ni la Wahifadhi-Ndani. Hawa huamini picha imefika papo hapo inapopigwa, kwa hiyo hawahamishi chochote. Kadi yao huchimbwa kwa tabaka: juu kuna sendofu ya wiki iliyopita, chini yake mahafali, chini yake msiba wa Moshi, na chini kabisa mbuzi wa mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Kadi ikijaa hununuliwa nyingine, kwa kawaida ile iliyo rahisi kuliko zote kwenye meza ya muuzaji, na hapo ndipo kundi hili hukutana na adui yake wa asili: kadi ya kughushi. Kadi hiyo imeandikwa gigabaiti 64 usoni, na hata ukiiuliza kwenye kompyuta inakujibu 64, kumbe tumboni ina 8. Kamera haijui. Inaendelea kuandika, majina ya mafaili yanaendelea kuongezeka, na keki inakatwa katika eneo la kadi lisilokuwepo duniani. Dawa yake ni kuijaribu kadi kabla ya harusi kwa programu kama H2testw, ambayo huijaza data mpaka mwisho kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Hatukumwona mwanakundi hata mmoja akifanya hivyo, na tusingetarajia. Anayejaribu kadi si wa kundi hili.

Wanawaya wamepanda ngazi moja. Wao huamini pale waya unapochomekwa na kompyuta inapolia. Mlio huo una nguvu kubwa juu yao: wakishausikia, huenda kunywa chai. Kitaalamu, kamera iliyochomekwa kwa waya wa USB mara nyingi haionekani kwenye kompyuta kama diski. Huzungumza kwa utaratibu uitwao PTP, uliosajiliwa kama kiwango cha kimataifa ISO 15740, ambapo kompyuta huomba picha moja baada ya nyingine na kamera huitikia. Mazungumzo hayo yanahitaji kamera iwe hai muda wote. Betri iliyopiga picha kuanzia kanisani mpaka mwanamuziki wa mwisho sasa inatakiwa isimamie na kikao hiki, nayo ina haki ya kuchoka. Ikizima katikati, kompyuta hubaki na nusu ya harusi, na mwanakundi hurudi kutoka kwenye chai akiwa na imani ileile.

Hapa pana mjadala mkongwe kati ya waya na kadi rida, na mtafiti hataukwepa. Kadi rida imeshinda. Kadi ikiwa ndani ya kisomaji huonekana kama diski ya kawaida, unaweza kuhesabu mafaili yake, kulinganisha ukubwa na kufanya uhakiki wowote unaotaka, tena hakuna betri ya kamera inayoweza kukata roho. Wapinzani husema kuchomoachomoa kadi huichakaza. Kwa kadi za zamani za CompactFlash walikuwa na hoja, maana ndani ya kamera kulikuwa na pini 50 nyembamba, na moja ikipinda kamera huenda kwa fundi. Kadi ya SD haina tundu la pini. Ubishi wa leo unahusu ubora wa kadi rida yenyewe, hasa zile za barabarani zinazoitambua kadi ikiwa tu umeikandamiza kwa kidole gumba na kuacha kupumua. Hiyo si kadi rida. Hiyo ni ibada.

Tawi moja la Wanawaya limekataa waya kabisa na kuhamia hewani. Kamera hujiunga na simu, na picha huingia zenyewe. Tatizo ni ukubwa: SnapBridge ya Nikon, kwa mfano, inapotuma yenyewe kwa kawaida hutuma picha zilizopunguzwa hadi megapikseli 2. Kwenye simu zinang'aa. Mteja akiagiza ya kutundika sebuleni ndipo sura ya baba mkwe inapogeuka vigae.

Tunafika kwenye kundi kubwa kuliko yote, Wanamstari, waaminio pale mstari wa kijani unapofika mwisho. Kundi hili lina watu wa heshima, wenye ofisi, wenye vitambulisho shingoni. Mstari kwao ni hakimu. Ukiuliza, "Kaka, picha zimeingia?" jibu huwa, "Zimeshaingia, mstari umeisha." Hakuna anayejiuliza mstari ulikuwa ukipima nini.

Mstari hupima kilichopokelewa na mfumo wa kompyuta, na kupokelewa si kuandikwa. Ili kazi iende haraka, kompyuta huweza kuihifadhi data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha ikaiandika kwenye diski kwa wakati wake. Katika pengo hilo mstari umeisha, dirisha limefungwa, na sehemu ya harusi bado iko foleni. Umeme ukikatika dakika hiyo, mwenye laptopu huokolewa na betri yake. Mwenye kompyuta ya mezani hubaki akitazama sura yake kwenye kioo cheusi. Mwenye kuchomoa eksitano bila kuiaga kompyuta hana hata wa kumlaumu. Microsoft walilijua hili, na kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka 2018, vifaa vya kuchomoa huandikwa bila kusubirisha, isipokuwa mwenyewe uamue vinginevyo. Wanamstari hawakuambiwa, wala hawakuhitaji kuambiwa, kwa kuwa wamekuwa wakichomoa tu tangu zamani.

Kasi nayo ina mchango wake katika imani. USB 1.1 ya mwaka 1998 ilikuwa na mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde. Kadi ya gigabaiti 32 ingehitaji karibu saa 6 hata kama kila kitu kingekwenda kinadharia. USB 2.0 ya mwaka 2000 inaruhusu megabiti 480, na kwa megabaiti 30 hivi kwa sekunde tunazoziona kwa kweli, kadi hiyohiyo humalizika katika dakika 18. Dakika 18 ni muda wa hatari. Ni mrefu mno kusubiri ukiwa umesimama na mfupi mno kwenda kulala, kwa hiyo ndio muda ambao mtu huanza kufungua video, kuchaji simu kwenye tundu la pembeni, na kusogeza meza.

Ndani ya Wanamstari kuna kabila la Wakataji. Hawa hawanakili, hukata na kubandika, kwa hoja kwamba kunakili huacha uchafu kwenye kadi. Kukata kati ya kadi na kompyuta hakuhamishi kitu kama mtu anavyohamisha kochi. Kompyuta hunakili, kisha hufuta kwenye kadi. Mkataji basi amefanya kazi ileile ya mwenzake na kuongezea hatua moja tu, nayo ni ile inayoondoa ushahidi. Tumejaribu kutafuta faida ya kimageuzi ya tabia hii na tumeshindwa. Dhana iliyopo ni kwamba kadi tupu humpa mtu furaha ya kazi iliyokwisha.

Sasa turudi kwenye DCIM. Makubaliano ya 1998 yaliamuru jina la faili liwe la herufi 8: nne za mwanzo kampuni ijichagulie, nne za mwisho ziwe tarakimu, kuanzia 0001 hadi 9999. Canon wakachagua IMG_, Nikon wakachagua DSC_, na baada ya 9999 kamera huanza tena 0001 bila sherehe. Ukiwa na kamera moja na harusi moja, hesabu hiyo inatosha. Lakini mpiga picha wa Jumamosi ana kamera mbili za kampuni moja, moja yake na moja ya kijana wake, na Jumapili ana kicheni pati Tabata. Kuna IMG_0412 ambayo ni bibi harusi anashuka kwenye gari, IMG_0412 ambayo ni mpishi anachungulia sufuria, na IMG_0412 ambayo ni mama mdogo akikabidhi seti ya vyombo. Zote zinaelekea folda moja iitwayo HARUSI MPYA.

Kompyuta, ambayo kwa jambo hili ina adabu kuliko watu, husimama na kuuliza: mahali hapa tayari pana faili lenye jina hili, nibadilishe, niruke, au tulinganishe? Swali hili ndilo chujio kuu la uteuzi wa asili katika taaluma nzima. Kundi la Wabadilishaji hubonyeza badilisha, kisha hutia alama ya kufanya vivyo hivyo kwa yote yaliyobaki. Mstari hufika mwisho vizuri kabisa. Hakuna kilichoharibika, hakuna onyo jekundu, na bibi harusi anayeshuka kwenye gari amegeuka kuwa mpishi. Kinyume chao wako Warukaji, ambao wamepoteza mpishi na kubaki na bibi harusi. Jamii huwaona ni mahodari, ingawa kosa ni lilelile na mpishi naye alilipia nauli. Njia iliyo salama inachosha kwa urahisi wake: kila kadi na folda yake, folda na tarehe yake, na jina la kamera. Wapo wanaoziacha programu zibadilishe majina kwa tarehe na saa ya kupigwa. Hilo ni jema ikiwa saa ya kamera imewekwa. Kamera iliyokaa muda mrefu bila betri hupoteza saa, na tumeona sherehe ambayo nusu yake ilifanyika mwaka huu na nusu nyingine miaka mingi kabla maharusi hawajakutana.

Kundi la Wanavijipicha hujiona bora kuliko Wanamstari, na kwa kiasi fulani ni kweli. Wao hawaamini mstari. Hufungua folda, huona picha ndogondogo zimejipanga safu kwa safu, zote zina rangi, zote zina watu, ndipo hupumua. Bahati mbaya picha ya JPEG kutoka kwenye kamera hubeba ndani yake, mwanzoni kabisa mwa faili, nakala ndogo ya sura yake, na programu nyingi huonyesha nakala hiyo ili zisipoteze muda kufungua picha nzima. Faili lililokatika njiani huweza kuwa na kichwa kizima na kiwiliwili hakuna. Kijipicha kitaonyesha mzee akitoa nasaha. Ukikifungua utaona kilemba chake, paji la uso, na kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Wanavijipicha hugundua hili siku ya kuchapa.

Wapiti-Steshenari hawahitaji maelezo mengi, maana kila msomaji ana mmoja nyumbani. Hana kompyuta, kwa hiyo huipeleka kadi kwa kijana wa steshenari amtolee picha kwenye fleshi. Kadi huingia ikiwa na DCIM na hutoka ikiwa na shotikati ya DCIM. Picha zipo, ila kirusi kimezificha na kukaa mlangoni kwa jina lao. Mwenye kadi huona shotikati, hulia, hufomati. Angeweza kuamuru mafaili yaliyofichwa yaonyeshwe na angeyakuta yote. Kuhusu kile kifungo kidogo cha kufuli ubavuni mwa kadi ya SD, ambacho wengi huhesabu ni kinga: kinasaidia pale tu kisomaji kinapoamua kukiheshimu. Kadi yenyewe haijui kama imefungwa. Ni bango la usiingie, si mlango.

Wahasibu ni wachache na huonekana zaidi asubuhi. Huyu hulinganisha: kadi ina mafaili 1,846, folda ina mafaili 1,846; baiti za huku na baiti za kule ni zilezile hadi tarakimu ya mwisho. Kisha hufungua picha kadhaa kwa ukubwa kamili, mwanzo, katikati na mwisho, na kunakili tena kwenye eksitano kabla ya kuigusa kadi. Mwandishi anakiri upendeleo kwa kundi hili. Wakikutana na swali la kompyuta wao huchagua kulinganisha, jambo lililowashangaza hata watengenezaji wa kitufe hicho. Udhaifu wao ni kwamba idadi na ukubwa vyaweza kulingana huku yaliyomo yana kasoro, na mafaili 1,846 hakuna anayeyafungua yote.

Ndipo huja Wasioamini, kilele cha mti. Hawa hutumia jumla-hakiki. Programu husoma faili zima na kutoa alama yake fupi. Kwa njia ya MD5, aliyoibuni Ronald Rivest mwaka 1991, alama hiyo ni tarakimu na herufi 32. Baiti moja ikibadilika, alama hubadilika. Alama ya kwenye kadi ikifanana na ya kwenye diski, faili limefika kwa maana yetu kali. TeraCopy hufanya hivyo ukiiamuru, na rsync, iliyotoka 1996, huhamisha na kulinganisha bila kukuuliza kuhusu mpishi. Msioamini hufuata pia kanuni ambayo mpiga picha Peter Krogh aliieneza: nakala 3, aina 2 za vyombo, 1 ikae nyumba nyingine. Kadi yake huifomati ndani ya kamera yenyewe, tena baada tu ya nakala hizo kuhakikiwa. Ni kiumbe kamili. Kasoro yake ni kwamba hafanyi harusi nyingi, kwa sababu katibu wa kamati humpigia simu saa 2 asubuhi kuomba "angalau moja tu ya kurusha kwenye grupu," naye humjibu kuwa uhakiki unaendelea.

Wakati uhakiki unaendelea, grupu limeshapata picha. Mdogo wa bwana harusi aliipiga kwa simu kutoka kwenye kioo cha nyuma ya kamera, pamoja na mwanga wa taa na kidole cha mpiga picha. Uhamishaji huo hauna waya, hauna kadi, hauna alama, na haujawahi kushindwa.

Kiumbe mmoja ametushinda kumweka popote, naye ni mama wa bibi harusi. Hagusi kompyuta, hajui baiti, wala haamini chochote kabla hajashika albamu. Akiishika, hahesabu picha, huhesabu ukoo. Huanza kwa babu, hushuka kwa wajomba, huvuka upande wa pili kuona kama wakwe wamezidi, na ndani ya dakika chache hutoa hitilafu ambayo MD5 haikuiona, kwa kuwa MD5 huthibitisha kilichohamishwa na haijui nani alipaswa kuwemo.

"Baba, shangazi yake wa Tanga yuko wapi?"

"Mama, nadhani huyo hakupigwa."

"Alipigwa. Alisimama kwenye mnazi, nikamshika kitenge mwenyewe."

Kadi imefomatiwa Alhamisi kwa ajili ya harusi ya Kigamboni. Hata hivyo kufomati ndani ya kamera kwa kawaida hufuta orodha na kuacha picha zilipokuwa hadi nyingine ziandikwe juu yake, kwa hiyo mpiga picha hushusha PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, na kuiacha ikwangue kadi usiku kucha. PhotoRec haisomi orodha. Huzitambua picha kwa jinsi zinavyoanza. Asubuhi hurejesha picha mia kadhaa, zote zimepoteza majina yake na kuitwa f na msururu wa tarakimu, harusi tatu zimechanganyika, mpishi yumo, mbuzi yumo. Laptopu hupelekwa kwa mama mezani. Huvaa miwani, hubonyeza mshale polepole, na kwa kila shangazi wa watu wengine anayepita hutoa maoni kuhusu mshono.